Nyota Anayotudai Mtani

Alfajiri ile tuliokuwapo juu ya mwamba ni hawa. Nilikuwapo mimi, mkubwa wa watoto wa nyumba ile, nikiwa na miaka kumi na sita, na sare yangu ya kidato cha pili bado imetundikwa kwenye msumari ndani. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa darasa la nne. Alikuwapo kitindamimba wetu, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, amelala mgongoni kwangu ndani ya khanga ya mama. Alikuwapo baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliyevuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kuja kuzika. Alikuwapo shangazi aliyefuatana naye. Alikuwapo jirani yetu, mama wa Kihaya, ambaye tulitumia naye ukuta mmoja na bomba moja la maji. Na alikuwapo mtani wetu, Mzaramo, fundi redio wa Igoma, ambaye ndiye aliyetuamsha sote.

Waombolezaji wengine walibaki chini uani, kwenye turubai. Mama alikuwa amezikwa juzi yake. Baba alitangulia mwaka mmoja kabla.

Ilikuwa Februari ya mwaka 2006, mwaka wa mgawo wa umeme, na Igogo, mtaa wetu, yote ilikuwa giza. Nyumba zetu zimejengwa katikati ya mawe makubwa, na nyuma ya kwetu kuna mwamba bapa ambao mama alikuwa akianikia dagaa. Ukisimama hapo unaona ziwa upande wa magharibi, na upande wa mashariki unaona mabati ya watu na anga. Alfajiri ile mwezi ulikuwa bado mkubwa juu ya maji. Fundi alikuwa ameshika darubini ya mikono miwili, ambayo mteja mmoja aliiacha kwake pamoja na redio mbovu na hakurudi tena.

Fundi hakulala msibani. Alikaa na redio ndogo sikioni, kama kawaida yake, akizungusha masafa mafupi. Usiku ule akasikia idhaa ya ng'ambo ikisema kwamba nyota moja katika kundi ambalo vitabu vinaliita Mbeba Nyoka imelipuka, na kwamba asiyewahi kuiona sasa anaweza kuiona kwa macho. Akatupandisha juu ya mwamba, tukaangalia mashariki, na wote kwa pamoja tukaonyesha nyota kubwa nyeupe iliyokuwa inawaka juu ya mabati.

"Hiyo ni Zuhura," fundi alisema. "Zuhura hata ng'ombe wenu wanaijua."

Baba mkubwa alicheka. Fundi alitupandisha macho juu ya Zuhura, kidogo kuelekea kusini, akatuonyesha nyota nyekundu ya moyo wa Nge, kisha akaturudisha kushoto mpaka mahali ambapo mimi sikuona kitu. Alinipa darubini. Nilimsogeza mtoto vizuri mgongoni. Nilipotulia niliiona: nyota ya kawaida, ndogo, yenye wekundu kidogo, imekaa kati ya wenzake kama iliyokuwapo siku zote. Nilishusha darubini nikaitafuta kwa macho matupu, nikaipata.

Fundi alieleza kwa namna yake. Alisema pale si nyota moja, ni mbili zinazokaa pamoja. Moja imenenepa, nyingine ni ndogo iliyokufa zamani lakini ina uzito wa ajabu. Ile ndogo inamnyonya jirani yake, inajilimbikizia juu ya ngozi, na siku ikishiba kupita kiasi, kile ilichojilimbikizia kinalipuka. Haivunjiki. Inatupa nje ilichokula, inafifia, inaanza upya.

"Ni Msukuma kabisa," alisema. "Anakula kwa jirani mpaka anapasuka, kisha anakaa chini anaomba sahani nyingine."

Jirani yetu akamwambia aogope Mungu, watu wako msibani. Lakini hata yeye alikuwa anacheka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kwa asiyejua, sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, anaweza kuvaa kofia yako akaondoka nayo, na kwenye msiba wako ndiye mwenye ruhusa ya kufanya watu wacheke. Akichukua kitu, unakikomboa kwa bei anayotaja. Ukikasirika, umeshindwa, na unatozwa faini. Tangu tulipotoka makaburini fundi alikuwa amevaa kofia ya baba mkubwa, na baba mkubwa alikuwa bado hajaikomboa.

Nyota ile ililipuka mara ya mwisho mwaka 1985, fundi alituambia tukishuka. Ilikaa miaka ishirini na moja. Sikuyatilia maanani maneno hayo wakati ule. Nilikuwa nawaza kikao.

Kikao cha ukoo kilikaa siku hiyohiyo, kabla ya jua kuwa kali. Nilijua kitakachosemwa kwa sababu shangazi alikuwa ameanza kukunja nguo zetu katika mafungu matatu. Baba mkubwa alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Alisema mvua zimekataa, kila nyumba ina shida, hakuna nyumba moja inayoweza kubeba watoto watatu. Mimi ningekwenda Geita kwa shangazi. Mdogo wangu wa kiume angekwenda kwake Sengerema, achunge huku akisoma shule ya huko. Kitindamimba angekwenda kwa bibi mzaa baba, aliyekuwa haoni vizuri. Nyumba ya Igogo ingepangishwa.

Niliomba kusema. Nilisema sitaki tugawanywe, nitaacha shule, dagaa za mama nitaziendeleza mimi, na hawa wawili watasoma. Wazee hawakunikemea. Walinitazama kama mtu anayeongea akiwa na homa. Mmoja akasema binti wa miaka kumi na sita si nyumba.

Hapo ndipo fundi alipoinuka. Alikuwa amekaa karibu na mafiga, anatafuna michembe na kulalamika kwamba viazi vikavu si chakula cha binadamu. Alikwenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaifungua msumari kwa msumari bila haraka, nguo za shangazi zikaanguka, akaja akatuzungushia sisi watatu kiunoni na kutufunga fundo moja. Kitindamimba aliamka akaanza kulia. Watu wakacheka, wengine wakapiga vigelegele, maana walijua kinachokuja.

Akatangaza kwamba ametuteka.

Baba mkubwa naye akacheka. Akamuuliza anataka nini, jogoo au kilo ya sukari. Fundi akasema hataki jogoo wa Kisukuma, atakuwa amekonda. Anataka nyota. Ile tuliyoonyeshwa alfajiri itafifia hivi karibuni, na siku itakapolipuka tena, huyu binti mkubwa amwonyeshe aione kwa macho yake. Siku hiyo atatufungua. Mpaka siku hiyo sisi ni mateka wake, na mateka wake hawahamishwi, watakaa nyumba hii hii ili akipita awakute.

"Haya, nyota," baba mkubwa alisema, bado anacheka. Angesema nini? Kukataa bei ya mtani mbele ya waombolezaji ni aibu, na bei yenyewe ilionekana ya kipuuzi.

Mchana, shangazi alipoanza kufunga mafungu yake, wazee wa mtaa waliokuwa bado uani wakamuuliza anawapeleka wapi mateka wa watu. Baba mkubwa akasema ule ulikuwa mzaha. Mzee mmoja akamjibu kwamba utani wote ni mzaha, na ndiyo maana hauvunjwi. Niliona shingo ya baba mkubwa ikivimba. Niliona pia anavyojizuia, maana fundi alikuwa amesimama mbele yake, kofia kichwani, anangojea faini. Kesho yake walivuka Busisi bila sisi.

Nimeulizwa mara nyingi kama fundi alipanga. Sijui. Ninachojua ni kwamba alikuwa amesikia redioni ile miaka ishirini na moja, na kitindamimba alikuwa hajatimiza miwili.

Nyota ilizima kwangu kabla wiki ya pili haijaisha. Nilipanda mwambani kila alfajiri, kwanza naiona kwa macho, kisha kwa darubini tu, ambayo fundi alikuwa ametuachia, kisha hata kwa darubini sikuipata. Mahali pale pakabaki patupu. Sare yangu niliishona upya ikamfaa mtoto wa jirani.

Kazi ya dagaa ina ratiba ya anga. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii ziwani, maana taa zao hazivuti samaki. Giza likirudi, mitumbwi inarudi na mzigo alfajiri, na mimi nilikuwa mwaloni, pale inapofikia, kabla ya wengi, ndoo mkononi. Nilikuwa nikinunua, nikipandisha, nikianika juu ya mwamba, nikigeuza, nikiwafukuza kunguru. Mwamba ule ulikuwa ofisi yangu, kwa hiyo kuangalia anga hakukunipotezea kitu. Kuanzia Februari niliitazama sehemu ile alfajiri. Katikati ya mwaka niliitazama jioni, ikiwa juu ya utosi. Kuelekea Disemba jua lenyewe linapita karibu na hapo, kuna wiki kadhaa ambazo hakuna mtu anayeweza kuona kitu, na wiki hizo nilikuwa na wasiwasi. Nyota inaweza kuwaka na kuzima nyuma ya jua na asijue mtu.

Fundi ndiye aliyenifundisha namna ya kuangalia. Usiitafute nyota, alisema, zitazame jirani zake. Wajue majirani wote kwa mpangilio na kwa ung'avu, nani anamzidi nani, mpaka siku mgeni akikaa kati yao umjue bila kuhesabu. Nikawajua kama ninavyowajua watu wa mtaa. Wawili waliokaribiana niliwaita Mapacha, mmoja wa chini niliyempenda nikamwita Mama Ntilie kwa sababu alikuwa amekaa peke yake na moshi wa Njia Nyeupe pembeni yake.

Fundi alikuwa akipita Igogo mara kwa mara. Hakuleta mashauri wala mifuko ya unga. Alisimama mlangoni, akasema amekuja kuwahesabu mateka wake, akatuhesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, akachota dagaa mkono mzima bila kuomba, akaondoka. Mdogo wangu alipomaliza darasa la saba na kufaulu, fundi alimwambia likizo aje Igoma akamshikie koleo. Likizo zile zikamfanya naye awe fundi. Sasa ana banda lake la simu.

Niseme jambo ambalo watazamaji wa nyota wakilisikia watashangaa. Kwa miaka yote ile nilipanda mwambani nikiomba nisione kitu. Kila jioni niliyowakuta majirani wamekaa vilevile, na kati yao patupu, nilishuka nimepumua. Patupu maana yake bado tuko mateka. Bado tuko pamoja. Miaka kumi ilipita, mdogo wangu akamaliza kidato cha nne, kitindamimba akajifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia dagaa. Nilipiga hesabu kwa ile ishirini na moja ya fundi, nikaona mtoto atakuwa amekwisha maliza kila kitu. Nilikuwa sijajua kwamba nyota ile haifuati hesabu ya mtu. Inashiba inapotaka.

Mwaka 2021, kitindamimba akiwa kidato cha tatu na miaka kumi na saba, baba mkubwa alipiga simu. Alianza na salamu ndefu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza dagaa, akauliza afya, kisha akasema kuna familia nzuri ya Sengerema, kijana ana ng'ombe, wameuliza habari za kitindamimba. Nikasema anasoma. Akasema kusoma hakuna mwisho. Nikasema, na hapo nilikuwa natania ili nisiseme neno baya, kwamba yule ni mateka wa mtani.

Baba mkubwa akacheka. Akauliza, hilo bado mnalo? Kisha sauti yake ikawa ya mwenyekiti wa ukoo. Alisema hajawahi kuvunja neno alilolitoa msibani na hatalivunja. Lakini nyota ikirudi, fidia imelipwa, na mtoto ni wa ukoo kama watoto wengine. Nikamjibu nimesikia.

Ningeweza kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Sheria ilikuwa upande wetu, mwanafunzi haolewi. Nilijua hivyo, na nilikuwa nimeamua kwamba ikibidi nitakwenda, na sitasitasita. Lakini ukimpeleka baba yako mkubwa serikalini, umemaliza. Siku ukifa hakuna atakayevuka Busisi. Nilitaka mtoto asome na ukoo ubaki. Vyote viwili.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Agosti, giza la mwezi mchanga, wavuvi wameingia ziwani mapema na taa zao zimeanza kutapakaa majini. Nilikuwa nakunja nyavu za kuanikia. Niliinua macho kama mtu anavyotazama mlango wake akipita. Kati ya majirani alikuwa amekaa mtu.

Sikuchukua darubini. Nilijua.

Nilikaa juu ya mwamba, bado una joto la mchana, nikawaita wadogo zangu. Mdogo wangu wa kiume alitoa simu, na baada ya kutafuta kidogo akasema ni kweli, dunia nzima inasema. Kitindamimba aliitazama nyota kwa muda, kisha akanigeukia. Hakuna kitu alichokuwa amefichwa katika nyumba ile, alijua maana yake kama mimi.

"Dada," alisema, "anga ni kubwa. Si lazima kila mtu aone."

Nilimwelewa. Baba mkubwa hakujua hata upande wa kutazama. Fundi naye alikuwa mzee, macho yameanza ukungu, na banda lake la Igoma lina taa za barabarani kila upande. Ndani ya wiki mbili ingezima. Lakini nyumba yetu ilisimama miaka kumi na mitano juu ya neno lililosemwa mbele za watu na kuheshimiwa na mtu ambaye halikumfaidi. Nikilificha upande wangu, basi lilikuwa mzaha tu, na baba mkubwa alistahili kutugawa tangu siku ile. Nilimwambia kitindamimba kwamba nitalipa ninachodaiwa, na kwamba yeye haendi popote. Akauliza nitafanyaje yote mawili. Nikamwambia sijui, lakini kesho nampigia baba mkubwa.

Nilimpigia. Nikamweleza nyota imerudi, na nikamweleza pia, kwa heshima zote, kwamba nyota ni ya mtani na mtoto ni wa shule. Alijibu kifupi kwamba anakuja.

Alifika jioni iliyofuata. Alikuwa amezeeka, mdogo wangu alimshika mkono kupanda mawe. Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Igoma, nimemtumia ujumbe mwenyewe. Kabla ya kusalimia alimvua baba mkubwa kofia aliyokuja nayo, akaivaa yeye. Baba mkubwa alisema hiyo ya kwanza hajairudisha mpaka leo. Fundi akasema ile iliota ukungu kwa harufu ya ng'ombe.

Giza lilipoingia vizuri, baba mkubwa aliniambia nionyeshe. Nilisimama katikati ya mwamba nikanyoosha mkono juu ya utosi. Nikasema ile pale, kati ya wale wawili na yule mmoja, yenye wekundu. Mdogo wangu aliiona mara moja. Baba mkubwa alichukua darubini, akahangaika, akaipata. Fundi alikuwa ametazama ziwani.

Akasema anaona nyota nyingi sana. Baba mkubwa akamwambia hizo ni taa za wavuvi, atazame juu. Fundi akasema kweli, Wasukuma wamekuwa wajanja, siku hizi wanavua na nyota. Akajilaza chali juu ya mwamba, polepole, akilalamikia mgongo. Tukadhani sasa ataona. Akashusha kofia mpaka kidevuni.

"Naona giza," alisema ndani ya kofia. "Giza na ng'ombe."

Baba mkubwa aliipokonya ile kofia. Fundi alikuwa amefumba macho, amekaza kope kama mtoto anayekataa dawa. Baba mkubwa akamwambia afumbue. Fundi akajibu kwamba makubaliano yalikuwa aione kwa macho yake, na macho yake bado hayajaona kitu, kwa hiyo hajalipwa. Baba mkubwa akasema ameonyeshwa. Fundi akasema hajaona. Sauti ya baba mkubwa ikapanda, kisha ikakatika katikati ya neno. Alikumbuka faini. Kwa mbali zilisikika injini za mitumbwi.

Kisha baba mkubwa aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mmoja kwa mwenzake, "Unataka nini hasa, mtani?"

Fundi hakumjibu yeye. Macho yakiwa bado yamefumbwa, akamwita kitindamimba. "Wewe mateka. Shuleni umebakiza nini?"

Kitindamimba alisema amebakiza mwaka huu na ujao. Kisha kidato cha tano na cha sita akifaulu. Kisha anataka uuguzi.

"Basi sijaona," fundi alisema.

Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na uso wake. Kope zilikuwa zinatetemeka kwa kuzikaza. Ilinijia polepole kile alichokuwa anakifanya. Mtu yule aliisikia nyota ile redioni kabla ya sisi sote. Aliihesabia miaka kama mimi, ila mimi nilikuwa naomba isije na yeye alikuwa anaingoja. Mdogo wangu aliwahi kuniambia kwamba bandani, karibu na soketi, fundi alichora zile nyota za jirani kwa kalamu ya wino ili asizisahau. Na sasa ilikuwa pale juu ya pua yake.

 Kisha baba mkubwa akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akajilaza naye, kando ya fundi, wazee wawili juu ya mwamba wa dagaa, mmoja amefumba macho na mwingine amefumbua. Akachukua darubini akatazama tena.

"Kumbe ni ndogo hivi," alisema.

Fundi akamwambia asimsimulie, anamharibia.

Asubuhi baba mkubwa alikunywa chai, akaomba apewe dagaa za kupeleka nyumbani, akaondoka. Baadaye nilisikia alivyowajibu watu wa Sengerema. Hakusema binti amekataa wala hakusema mimi ni mkaidi. Alisema mtoto alitekwa na mtani msibani na mtani hajafungua, na kwa jambo la namna hiyo hakuna anayeweza kumlaumu mzee. Ng'ombe wakaenda nyumba nyingine. Nafikiri alifurahi kupata mahali pa kutokea.

Fundi aliishi na kofia usoni mpaka nyota ilipozima. Mdogo wangu alisimulia kwamba kila jua likizama mzee anafunga banda na kutembea Igoma ametazama viatu vyake, jioni moja akagongana na meza ya muuza chipsi na kumwaga mayai. Watu wakamuuliza kama ameokoka. Alikuwa hayaamini macho yake mwenyewe, hivyo ndivyo nadhani. Aliogopa yangeinuka yenyewe.

Kitindamimba alimaliza kidato cha nne, akafaulu, akamaliza cha sita, na sasa yuko chuo cha uuguzi. Likizo anarudi Igogo, analala kitanda chake kilekile. Hakuna tena mtu wa kumgawa. Mdogo wangu ana mke na mtoto, nyumba yao iko juu yetu kidogo kwenye mawe, tunapeana moto. Mimi bado nina dagaa, na sasa nina wanawake wawili ninaofanya nao kazi.

Fundi amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja, jingine wamesema lisubiri. Banda amemwachia mjukuu. Mara moja nilimwendea Igoma nikamwambia kwamba mambo yote yamekwisha salama, sasa atufungue tu, tumpe jogoo, tumpe hata mbuzi. Alinitazama kama nimemtukana. Akasema bei ni bei. Akifa, atawaachia wajukuu deni analowadai Wasukuma, na watakuja Igogo kula dagaa zetu mpaka nyota irudi.

Kwa hiyo ninapanda mwambani bado. Sasa ninataka ije, na ninajua haiji kwa kutakiwa. Inaweza kukaa miaka kumi, inaweza kukaa ishirini na zaidi, na yeye ana jicho moja zima na umri ambao hauulizwi. Nimemfundisha mtoto wa mdogo wangu majirani wote, Mapacha na Mama Ntilie, ili nikiwa mwaloni kuwe na mtu wa kutazama. Nimeweka namba ya bodaboda wa Igoma anayekubali kuja jioni. Wiki za Disemba ndizo zinazonikera kuliko zamani. Jana anga lilikuwa safi mpaka milimani, nikawapitia mmoja mmoja, na kati yao hapakuwa na mtu. Leo asubuhi fundi amemtuma mjukuu wake kuchukua dagaa. Alichota mkono mzima, hakuomba, akasema babu anauliza tutalipa lini.